Mgeni wa Miaka Ishirini

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze habari za mtu anayehamia mji mdogo asikozaliwa, na jinsi anavyopokewa, au asivyopokewa. Neno letu latoka katika Kitabu cha Ruthu, hasa sura ya 2. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo na atege sikio tu.

Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Katika miji mikubwa kama Nairobi au Mombasa mtu aweza kuhamia nyumba, na jirani wa mlango wa pili asijue hata mwezi ukaisha. Lakini katika mji mdogo wenye barabara moja, soko moja na kinu kimoja cha kusagia mahindi, mambo si hivyo. Lori likisimama na kuteremsha kitanda, meza na masanduku, jua halitui kabla ya mji mzima kujua. Watu wamekwisha kuhesabu watoto, wameliona godoro, nao wanaulizana, "Hawa ni wa wapi?"

Ndugu zangu, katika Kenya watu wengi hupatwa na jambo hili. Mwalimu hupokea barua ya kuhamishwa, na nesi vile vile, na polisi, na karani wa mahakama. Wengine huolewa mbali na kwao. Wengine hufuata biashara. Sisi wachungaji nasi tumo; askofu akiandika barua twafunga mizigo. Tena katika kazi yetu twaingia nyumba nyingi, na nimeketi na watu ambao wamekaa katika mji mmoja miaka ishirini, watoto wao wamezaliwa pale na kusoma pale, na bado wakipita barabarani husikia wakiitwa "wale wa kuja". Mtu wa namna hiyo hulipa kodi yake, huchanga katika harambee, husalimu na kusalimiwa. Lakini usiku hulala akijiuliza, "Je, nikifa hapa, nani atanizika?"

Hilo ndilo swali la leo. Si swali dogo.

Sasa tumtazame Ruthu. Alikuwa mwanamke wa Moabu, tena mjane. Alikuja Bethlehemu pamoja na mkwewe Naomi, wakati watu walipoanza kuvuna shayiri. Bethlehemu ulikuwa mji mdogo. Walipofika, mji wote ulishtuka, na wanawake wakaja kumtazama Naomi na kuulizana kama kweli ndiye. Lakini soma vizuri mwisho wa sura ya 1. Wote wanasema na Naomi, na Naomi anawajibu. Ruthu amesimama pale pale, na vumbi la njia i miguuni pake, wala haikuandikwa kwamba kuna mtu aliyemwuliza jina lake.

Basi akaenda shambani kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Hakuwa akiiba. Sheria ya Musa, katika Walawi sura ya 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa. Yaliyobaki yalikuwa ya maskini na ya mgeni. Kwa hiyo sheria ilimpa Ruthu pembe ya shamba. Lakini angalia yale aliyoyafanya Boazi, mwenye shamba. Kwanza aliuliza huyu ni binti wa nani. Aliposikia habari zake aliwakanya vijana wasimguse. Akamwambia akiona kiu anywe maji ya mitungi ya wafanya kazi. Saa ya chakula ilipofika akamwita aketi pamoja na wavunaji, akampa bisi kwa mkono wake mwenyewe, naye akala akashiba. Kisha akawaamuru watu wake waangushe masuke makusudi, ili aokote pasipo kuona haya.

Mwaona tofauti? Sheria ilimpa Ruthu ruhusa ya kuokota. Boazi alimpa mahali pa kuketi. Na hapo ndipo mtu anapoanza kuwa mwenyeji.

Nasi katika Kenya tunayo sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, yasema kwamba kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kukaa mahali popote nchini. Ni sheria njema, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini twajua pia ilivyotukia kabla yake. Katika mapigano ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa katika nyumba walimoishi miaka mingi. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa katika machafuko ya 2007 na 2008, na mamia ya maelfu wakalala katika mahema. Wengi wao waliitwa wageni, au waliitwa madoadoa, kana kwamba ni uchafu juu ya nguo. Na waliowaita hivyo, mara nyingine, walikuwa majirani waliokuwa wakiwaomba chumvi.

Mambo kama hayo hayaanzi kwa panga. Huanza kwa neno dogo linalorudiwa kila siku: "Huyu si wa hapa." Neno hilo likikaa mdomoni miaka ishirini, siku ya hasira huja likiwa limekwisha kukomaa. Kwa hiyo, ndugu, tusidhani kwamba kumpokea mgeni ni adabu tu ya kunywesha chai. Ni jambo la uzima na mauti.

Napenda tukumbuke pia ya kwetu pwani. Mwaka 1844 alikuja Mombasa Johann Ludwig Krapf pamoja na mkewe Rosine. Haikupita miezi mingi, mwezi wa Julai mwaka ule ule, Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akafa. Krapf akabaki peke yake kwa watu asiowajua. Mwaka 1846, yeye na mwenzake Johannes Rebmann, homa ikiwasumbua, walikwenda Rabai, na wazee wa Rabai wakawakubali wakae katika nchi yao. Twapenda kusema habari za wamisionari walioleta Injili. Ni vema. Lakini tusiwasahau wale wazee waliosema, "Karibuni." Hawakuwa Wakristo. Mgeni alikuja kwao akiwa mgonjwa na mwenye msiba, nao wakampa mahali.

Tena mwaka 1875 misheni ya C.M.S. ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa watu wa makabila mengi, wengine Wayao, wengine Wamakua, wengine wa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wengi walichukuliwa wakiwa watoto wadogo, hata hawakujua njia ya kurudi kwao. Mji wote ulikuwa wa wageni. Kengele iliwekwa ya kuwaonya adui akija, na mnara wake ungali unasimama pale Kengeleni hata leo. Kengele ikilia, hakuna aliyeuliza jirani yake ni kabila gani. Walikuwa na adui mmoja na kengele moja.

Mmoja wa waliokombolewa namna hiyo alikuwa William Jones. Alipelekwa India akiwa kijana, akasoma huko Nasik, kisha akarudishwa Afrika kufanya kazi Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimtia mikono kuwa shemasi. Na Rabai ile ile iliyompokea ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao, mpaka mwaka 1888 walikuwapo zaidi ya elfu moja, na fedha zikatolewa ili waachiliwe huru. Mtu aliyepokewa alikuwa miongoni mwa wapokeaji. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Basi leo nina neno kwa wewe uliyehamia, na neno kwa wewe uliyezaliwa pale.

Wewe uliyehamia, nasema nawe kwanza, kwa maana methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruthu hakungoja kuitwa. Aliomba ruhusa, akaenda shambani, na msimamizi alipoulizwa aliweza kushuhudia kwamba amefanya kazi tangu asubuhi. Watu wa mji mdogo hawakusomi kwa cheti chako. Wanatazama mikono yako. Nunua mboga katika soko lao, usizibebe zote kutoka kwenu kila mwisho wa mwezi. Jifunze lugha yao, hata kama ni salamu tu, na wakikucheka, cheka nao. Usianze kila neno kwa kusema, "Kule kwetu." Kukiwa na kilio, nenda. Hata kama hukumjua marehemu, nenda ukabebe maji, ukapasue kuni, ukaketi. Watu husahau aliyekuja arusini, lakini hawamsahau aliyekuja matangani.

Na sanduku lako, lifungue. Wako watu wanaokaa mji miaka kumi huku moyo wao ukiwa stendi, wakingoja barua ya uhamisho. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee mji ule amani, kwa kuwa amani yao imo katika amani ya mji. Wale walikuwa mateka, wala hawakupenda kuwako. Ikiwa mateka waliambiwa wapande bustani, je, mimi na wewe tuliopelekwa kwa mshahara?

Sasa wewe mwenyeji. Mgeni akifanya hayo yote, nawe ukamfungia mlango, dhambi ni juu yako. Jambo la kwanza, uliza jina lake, ulitumie. Angalia Ruthu: hata baada ya wema wake wote, Maandiko yaendelea kumwita Ruthu Mmoabi. Jina la kabila hung'ang'ania. Kwa hiyo usimwite mtoto wa jirani yako kwa kabila la baba yake, wakati ana jina alilobatizwa.

Jambo la pili, mpe mahali pa kuketi. Tazama kamati zetu, za shule, za maji, za kanisa. Je, mgeni yumo, au twamkumbuka siku ya mchango tu? Ibada ikiisha Jumapili, na watu wakasimama nje katika vikundi vyao wakisema lugha zao, ni nani aliyebaki peke yake chini ya mwembe na Biblia mkononi? Huyo alikula meza moja nawe dakika chache zilizopita.

Jambo la tatu, msimamie. Paulo alipokuja Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa, wala hawakusadiki. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 twasoma kwamba Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza habari zake. Mtu mmoja alitosha! Mji mdogo haumpokei mgeni siku moja kwa mkutano. Humpokea kwa sababu mwenyeji mmoja mwenye heshima amesema mbele ya watu, "Huyu ni wangu, namjua." Je, wewe waweza kuwa huyo mmoja?

Nimalize na Ruthu. Katika sura ya 4, alipozaa mwana, wanawake wa Bethlehemu walikuja tena kwa Naomi. Ni wanawake wa mji ule ule, ambao siku ya kwanza walimtazama Naomi tu. Sasa wanamwambia kwamba mkwewe huyu anayempenda ni bora kwake kuliko wana saba. Mji ulichelewa kumwona, lakini ulimwona. Na mtoto yule akawa babu wa mfalme Daudi, na katika ukoo huo akazaliwa Bwana wetu. Kama Bethlehemu ungalimfukuza yule mwanamke wa kuja, ungalimfukuza mama wa babu wa mfalme wake wala usijue.

Ndugu msikilizaji, juma hili kuna mlango mmoja mtaani kwako ambao hujaubisha tangu lori liliposhusha mizigo. Labda ni juzi, labda ni miaka ishirini. Nenda ukaubishe.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa safarini na kulazwa horini kwa kukosa nafasi, wakumbuke wote wanaoamka leo katika mji usio wao. Wape ujasiri wa kufungua masanduku yao. Nasi wenyeji utuondolee woga na kiburi, tuwape wageni kazi, chakula, na mahali pa kuketi, na siku ya msiba tusiwaache peke yao. Amina.