Juu ya ruta ya nyumba yetu na zile siku 11

(Maneno ya timu ya tereni mbele ya mukutano mukubwa wa wanamemba, Baraka)



Tumeombwa tuseme juu ya ile ruta. Sababu tunaijua. Familia moja ya hapa kwetu ilipata kilio, ikakuja kuomba musaada wa matanga kama sheria yetu ya ndani inavyosema, ikajibiwa kwamba feza ziko lakini hazitoki. Siku 11 hazikutoka. Sanduku la marehemu lilinunuliwa kwa deni. Watu wakasema, "Vijana wa biro wamefungia feza zetu ndani ya mashini yao." Hatutakataa. Siye njo tulizifunga, bila kukusudia, na leo tunataka mujue namna ilivyokuwa, kisha mutuulize.

Nyumba yetu iko na regista, munaijua. Ndani yake kuna majina ya jamaa zilizorudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, wengine tangu meli zilizotoka Kigoma mwaka 2005, wengine ni wa juzi. Kuna shamba la kila mutu, na jina la jirani ambaye wanagombana naye juu ya mupaka. Kuna wajane. Kuna watoto wasiokuwa na wazazi, na nyumba ambamo wanalala. Mikononi mwa mutu mubaya, hiyo si karatasi tena, ni njia ya kufika mulangoni. Sheria ya inchi pia imeona jambo hilo: Ordonansi-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya mambo ya numeriki, inataka data za mutu zichungwe.

Na sisi tulikuwa tunazichunga namna gani? Kwa WhatsApp. Antena ya Mboko ilipiga picha ya ukurasa, ikatuma. Ya Lulimba vilevile. Siku moja telefone ikapotea sokoni na kurasa za watu ndani yake. Hapo tukaona haya.

Basi muungano ukachukua abonema kwa kampuni ya kigeni inayoleta intaneti kwa satelaiti. Jina hatulitaji, hatufanyi matangazo hapa. Tulingoja ruhusa kwanza. Mwaka 2024 ARPTC, wale wanaosimamia mawasiliano ya inchi yetu, walikataza vyombo vya Starlink. Ruhusa ikatoka mwezi wa 5 mwaka 2025. Katikati ya wakati huo walikuwako watu waliotaka kutuuzia vyombo vilivyoandikishwa kwa inchi jirani, kwa bei ya kirafiki. Tulikataa. Chombo cha namna ile kinaweza kuzimwa siku yoyote, tena muungano unaobeba majina ya watu hauwezi kuanza kazi kwa kujificha.

Sasa VPN. Mutu akivuka ziwa na barua wazi mukononi, mwenye mutumbwi anaweza kuisoma. Akiiweka ndani ya valizi yenye kufuli, mwenye mutumbwi atajua tu kwamba valizi inaenda Kigoma. VPN ni ile valizi. Kampuni inayotuletea intaneti inaona kwamba tunatuma kitu kwenda mahali fulani, haioni ni nini. Lakini musisahau: kule Kigoma kuko mutu anayefungua. Ukikodi VPN ya bure kwa watu usiowajua, umetoa valizi kwa mwenye mutumbwi ukaipeleka kwa mutu mwingine usiyemujua. Ndiyo sababu hatukuchukua ya bure.

Wafadhili wametuuliza mara mbili: kwa nini muungano wa Baraka unalipa dola 5 kila mwezi kwa kompyuta ya kukodi iliyo Ufaransa? Swali ni zuri. Kampuni za satelaiti, na za telefone pia, mara nyingi hazimupi kila mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti. Wateja wengi wanapita chini ya anwani moja, kama mutaa muzima wenye sanduku la posta moja. Kutoka ndani unaweza kutuma. Lakini mutu wa Lulimba hawezi kugonga mulango wa nyumba yetu, juu ya mulango wetu hauonekani inje. Kwa hiyo tunahitaji mahali pa kukutana penye anwani inayojulikana. Ile seva ndogo ya Ufaransa ndiyo mahali hapo. Ruta yetu inaita kule, na kila sekunde 25 inatuma kaneno kadogo ili njia isifungwe. Telefone ya Lulimba inaita kule vilevile, wanakutana. Regista yenyewe haiko Ufaransa. Iko hapa, ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati munajua nani anaushika.

Kufunga vyombo vyenyewe hatutawachosha nako. Ruta ya kampuni ilibaki mahali pake, tukaunga yetu nyuma yake. Zote mbili zikajiita 192.168.1.1. Ni kama kuwa na Mariamu wawili ndani ya nyumba moja: unaita, hakuna anayejua nani aitike. Nusu siku ikapotea mpaka tukabadilisha yetu kuwa 192.168.50.1. Tulijaribu OpenVPN kwanza, ni ya tangu mwaka 2001 na watu wanaiamini, lakini ruta yetu ndogo ilikuwa inachoka nayo. Tukachukua WireGuard, iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2020, ambayo ni nyepesi. Halafu kurasa nyingine zikawa zinafunguka, nyingine zinabaki nyeupe tu bila neno. Pakiti zilikuwa kubwa kuliko njia: valizi ikiingizwa ndani ya sanduku lingine, inahitaji mulango mupana zaidi. Tukashusha kile kipimo wanachokiita MTU, toka 1420 mpaka 1280, mambo yakanyooka.

Kosa letu liko hapa. Tulipitisha nyumba nzima ndani ya VPN. Regista, telefone za wageni, kompyuta ya mama muchunga-feza, vyote vikaenda kutokea Ufaransa. Tena tukaweka kizuizi: VPN ikikatika, kitu chochote kisitoke. Tuliona ni usalama mukubwa. Wengine wetu tulijisifu hata.

Usiku ule batri ya umeme wa jua ilikwisha. Asubuhi jua likapanda, ruta ikaamka, VPN ikakataa. Saa moja, saa mbili, hakuna kitu. Tuliangalia waya, tukaangalia antena juu ya manjanja, vyote vizuri. Shida ilikuwa saa. Ruta ndogo kama yetu haina batri ya kuchunga saa yake. Ikizimika, inasahau, ikiamka inafikiri ni siku ya zamani. Na WireGuard inaandika saa ndani ya kila salamu ya kufungua njia. Seva ikipokea salamu yenye saa ya nyuma kuliko ile ya mwisho iliyopokea, inaitupa, maana mwizi angeweza kuchukua salamu ya jana akairudisha leo. Hapo seva haikukosea. Sasa ruta ingepata wapi saa sahihi? Kwa intaneti. Na intaneti tumeifunga wenyewe mpaka VPN ifunguke. Ufunguo ulikuwa ndani ya nyumba, na nyumba ilikuwa imefungwa.

Watu walikuwa wamejaa biro. Mumoja wetu akazima VPN pamoja na kile kizuizi ili watu wafanye kazi. Mama muchunga-feza, ambaye hakuambiwa kitu, akafungua ukurasa wa banki na kuanza kutayarisha feza za matanga. Wakati huo ruta ikapata saa yake. Yule ndugu akafurahi, akawasha VPN tena, bila kusema na mutu. Mama akabonyeza kutuma.

Mashini ya banki iliona nini? Mutu yuleyule, kwa neno la siri lilelile, dakika chache mbele alikuwa mahali pamoja, sasa yuko Ufaransa na anataka kutoa feza. Hata wewe ungefunga. Ikafunga. Na kufungua kulihitaji mama aende mwenyewe Uvira na barua yenye sahihi tatu, na barabara ya Uvira wakati wa mvua munaijua. Mwenye sahihi ya tatu alikuwa ameenda shambani, huko mitandao haifiki. Siku 11.

Mama muchunga-feza alitukanwa sokoni. Tunasema mbele yenu wote: yeye hakukosa. Tulikosa sisi, kwanza kwa kufunga nyumba nzima kwa kamba moja, kisha kwa kubadilisha mambo bila kumwambia mutu aliyekuwa kwenye kazi.

Tumetengeneza hivi. Ruta sasa inatoa wifi mbili. (Bibi mumoja alituuliza wifi gani hawa, dada za nani, bibi, hawa hawaombi mahari.) Moja inaitwa ZIWA. Hiyo inaenda moja kwa moja, bila VPN: ni ya banki, ya kuongea na watoto wetu walio Kanada na Marekani, ya wageni. Nyingine inaitwa MULIMA. Hiyo inapita ndani ya VPN tu, na vyombo vinavyoingia humo ni vile vya regista peke yake. VPN ikikatika, MULIMA inanyamaza, ZIWA inaendelea. Kwa hiyo mukiona kompyuta ya regista imekufa na telefone zenu zinaenda, musikimbie kugusa ruta. Ni namna tulivyoipanga.

Swali la saa: tumeruhusu ruta yenyewe, si kompyuta zetu, iulize saa inje ya VPN. Hilo tu, si kingine. Na anwani ya seva tumeiandika kwa namba, si kwa jina, ili ruta isihitaji kwanza kumuuliza mutu kitabu cha majina cha intaneti wakati njia bado imefungwa. Kisha ruta imepewa batri yake ndogo ya volti 12, mbali na ile ya taa na ya kuchaji telefone. Tumezima umeme makusudi mara sita. Mara sita imerudi yenyewe.

Musitumainie VPN zaidi ya nguvu yake. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchini kwa siku karibu 20. Wakati kama ule VPN ya telefone haisaidii kitu. Valizi haitembei bila mutumbwi. Tena haisaidii kama mutu wa antena bado anapiga picha ya ukurasa wa regista na kuituma kwa kikundi. Tumeona picha mbili tangu mwezi huu uanze. Hatutaji antena gani, wanajijua.

Kwa wafadhili tuko na ombi moja. Ile seva inalipwa kwa karte ya mumoja wenu, mwezi kwa mwezi. Karte ikiisha muda wake, Mboko na Lulimba zinakatika na sisi hapa hatutajua sababu. Tunaomba ilipwe kwa mwaka muzima, na tarehe ya mwisho iandikwe ndani ya gazeti hili kila toleo.

Kwa wanamemba, tunaleta mbele ya mukutano mapendekezo haya mukayapime. Feza za matanga mawili zibaki taslimu mikononi mwa kamati ya ba mama, inje ya banki, na zihesabiwe kila mwisho wa mwezi mbele ya watu. Kilio hakingoji neno la siri. Na wenye sahihi waongezwe wawe wanne, yeyote watatu watoshe, ili safari ya mutu mumoja shambani isifunge muungano.

Deni la lile sanduku tumelilipa, timu ya tereni, kutoka mifukoni mwetu. Haikutoka kwa kisanduku chenu. Tulienda nyumbani kwa wafiwa siku ya Jumapili, tukakaa nao.

Maneno ya siri ya ruta na funguo za VPN zimeandikwa kwa mukono ndani ya bahasha mbili zenye muhuri. Moja iko kwa mwenyekiti. Ya pili haijapata mutu wa kuishika. Mutuambie leo ni nani, aondoke nayo hapa.