Wema Usioandikwa Daftarini



Leo twatimiza miaka 10, nasi twapenda kuutaja wema usioandikwa katika daftari za chama. Mwezi wa Oktoba 1993, Warundi walipokimbia mauaji kwao, wakulima wa Ngara waliwapokea majumbani kabla ya kambi kujengwa, wakawagawia chakula na pahali pa kulala. Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa siku moja tu. Miti yetu ikaishia mekoni, na mashamba yakaumia. Wema una gharama, wala hatuifichi. Lakini aliyemlisha mgeni asiyemjua hashindwi kumsaidia jirani. Basi mwenzetu akiugua wakati wa kuchuma kahawa, tusingoje mkutano: twende tukamchumie. Wema hauozi.