Toba Ina Vipimo Vyake

Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na sanduku la mbao lililotokana nalo.

Nyuma ya kanisa letu palikuwa na mgrivilea mkavu. Nikawaambia wazee wa kanisa, "Mti huu hauna kazi tena. Na tuukate tupate kuni." Ukakatwa. Ulipoanguka shina lilipasuka, na ndani ya tundu lake mlikuwa na makinda watatu wa kwezi, wale ndege wenye manyoya ya buluu yanayong'aa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu alifia mkononi mwangu jioni ile. Kwa siku mbili wazazi wao walikuja na wadudu mdomoni, wakizunguka angani mahali palipokuwa na tundu. Mwimbaji wa Zaburi ya 84 aliwafurahia ndege waliopata makao karibu na madhabahu. Mimi niliwavunjia yao.

Kwezi hawezi kuchonga mti kama kigong'ota. Hutegemea tundu lililochongwa na mwingine, au lililotokea kwa kuoza. Miti mikavu ikiisha, hana pa kutagia. Basi nikaazimia kuwatengenezea sanduku.

Nililitengeneza la kupendeza: rangi nyeupe ndani na nje, mlango mkubwa, na kijiti cha ndege kutua mlangoni. Nikampelekea seremala mmoja mzee alitazame. Akaligeuzageuza, kisha akasema, "Mchungaji, kijiti hiki umemwekea nani? Kwezi hushika ubao kwa kucha. Atakayekitumia ni adui ajaye kuiba mayai. Na makinda watapandaje ukuta laini hivi? Sanduku hili umeyatengenezea macho yako."

Nilinyamaza, kwa maana alisema kweli.

Tukaanza upya. Tulichukua mbao za saipresi zisizopigwa randa, unene wa sentimita 2. Sakafu ilikuwa sentimita 15 kwa 15, yenye vitundu vinne vya kutoa maji. Mlango ulikuwa wa duara, upana wa sentimita 5, nao tuliuweka sentimita 25 juu ya sakafu, ili mkono wa mnyama usiwafikie makinda kwa urahisi. Paa lina mteremko na limechomoza mbele kuzuia mvua. Lafunguka pia, tupate kusafisha makinda wakisharuka. Ndani hatukupaka rangi. Tulilifunga mtini, mita 4 kutoka chini, mlango ukiupa kisogo upepo wa mvua.

Baadaye nilisoma kwamba huko Ujerumani Hans von Berlepsch (1857–1933), alipotaka kuwajengea ndege, alichunguza kwanza matundu ya vigong'ota, ndipo akatengeneza masanduku kwa mfano wake. Seremala wetu hakulijua jina hilo, lakini fundisho lake lilikuwa lile lile.

Ndugu yangu, ndivyo ilivyo toba. Tukisha kumkosea mtu, twapenda kulipa kwa kile kinachotupendeza sisi. Umemnyang'anya ndugu yako kipande cha shamba, nawe wampelekea sukari na majani ya chai! Umemwaibisha mkeo mbele ya watu, nawe wamwomba radhi jikoni, mkiwa wawili tu. Hicho ni kijiti mlangoni. Nenda ukaulize kipimo kwa yule uliyemkosea.

Mpaka leo sanduku letu halijapata mwenyeji. Juzi kwezi mmoja aliingiza kichwa, akatazama, akaenda zake. Simdai neno. Aliyevunja nyumba ya mwenzake hana haki ya kumharakisha kuamini nyumba mpya. Kazi yangu ni kulitunza sanduku na kungoja. Tena, kando ya uwanja wa kanisa pana mti mwingine mkavu. Huo tumeuacha umesimama.

Bwana atupe moyo wa kuuliza kabla ya kukata, na wa kuuliza tena kabla ya kujenga.