Ganzi ya Mkono: Uliza Sindano Itadungwa Wapi

Ni mimi muuguzi wako wa jamii.

Mtoto ameanguka kutoka juu ya mparachichi, kiwiko kimevunjika. Au baba ameangushwa na bodaboda, mkono umevunjika. Daktari anasema ni lazima afanyiwe upasuaji. Ndipo mama huniuliza: "Sista, ni lazima alazwe usingizi?"

Si lazima kila mara. Mkono peke yake unaweza kutiwa ganzi. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni, hupita nyuma ya mfupa wa mtulinga, huingia kwapani, kisha huteremka hadi vidoleni. Ni kama nyaya za stima: ukizima mahali fulani, taa zilizo mbele ya hapo haziwaki.

Tangu mwaka wa 1911, madaktari walidunga sindano hiyo wakipapasa kwa vidole. Mwaka wa 1994, madaktari wa Vienna, Austria, walieleza jinsi ya kuiongoza kwa mashine ya ultrasaundi, mashine ile ile inayotumiwa kumwangalia mtoto tumboni. Kwa picha hiyo daktari huona mishipa ya fahamu, sindano yenyewe, na pia mishipa ya damu na pafu anavyopaswa kuviepuka.

Sindano hudungwa mahali panne:

Kwanza, shingoni. Hii hufaa upasuaji wa bega. Lakini mara nyingi hulegeza kwa muda msuli wa kupumua wa upande huo. Mwenye mapafu dhaifu asifiche habari hiyo.

Pili, juu ya mtulinga. Hutia ganzi karibu mkono wote, na hushika haraka. Pafu liko karibu hapo, kwa hivyo picha husaidia sana.

Tatu, chini ya mtulinga. Hufaa kiwiko, kigasha na kiganja. Mgonjwa hahitaji kuinua mkono uliovunjika, ingawa mishipa iko ndani zaidi.

Nne, kwapani. Hufaa kigasha na kiganja. Iko mbali na pafu, lakini mkono huinuliwa, na huenda daktari akaelekeza sindano mara kadhaa.

Ipi ni bora? Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Hutegemea mahali palipoumia na afya ya mgonjwa. Kwa hivyo mwambie daktari kama ana pumu au aliwahi kuugua kifua kikuu, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama kuna dawa inayomdhuru. Uliza pia kama hospitali hiyo ina mashine.

Mtoto mdogo hawezi kutulia, kwa hivyo mara nyingi hulazwa usingizi kwanza, kisha hutiwa ganzi ili akiamka asiumie sana. Na ganzi ikikosa kushika vizuri, hata mtu mzima anaweza kulazwa. Ndiyo sababu usimpe chakula kwa siri ukimwonea huruma. Fuata saa za kufunga ulizoambiwa.

Sasa, mama, sikiliza hapa. Mama mmoja niliyemtembelea alirudi nyumbani mkono ukiwa bado na ganzi. Akawasha jiko la makaa apike chai. Hakujua mkono umegusa jiko mpaka aliposikia harufu ya ngozi ikiungua. Upasuaji ulikuwa umefaulu, lakini kidonda cha moto kilimsumbua kwa wiki nyingi. Hakuna aliyekuwa amemwonya.

Kulingana na dawa iliyotumiwa, ganzi hudumu saa chache au hata zaidi ya saa 12. Wakati huo mkono ukae umefungwa kwa kitambaa shingoni, mbali na jiko, maji moto na kisu. Mtoto asiachwe aulalie. Mpe dawa ya maumivu kama ulivyoelekezwa kabla ganzi haijaisha, kwa maana maumivu hurudi kwa ghafla.

Rudi hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, ukiona haya:
- anashindwa kupumua au kifua kinamuuma;
- vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vya buluu;
- mkono umefura sana ndani ya plasta, au maumivu yanazidi hata baada ya dawa;
- ganzi haijaisha baada ya siku nzima.

Usingoje eti ni ganzi tu. Ganzi inaweza kuficha maumivu ambayo yangekuonya.

Kuuliza si ujinga, mama. Kabla ya kutia sahihi ile fomu, uliza: sindano itadungwa wapi, ganzi itadumu muda gani, na nikiwa na shida usiku nimpigie nani?

Mpaka juma lijalo, ubaki salama wewe na jamaa yako. Kwaheri.