Desa Lisilo na Tarehe



Mpwa wangu amemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, na sasa anasubiri mtihani wa Baraza. Waliopita njia hiyo wanaijua. Cheti cha chuo unacho, sare nyeupe umeshashona, mtaani wameanza kukuita nesi, lakini usipofaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga hupati leseni, na bila leseni huruhusiwi kumhudumia mgonjwa.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu na furushi la madesa, zile karatasi za kujisomea. Moja la chuoni kwake. La pili kaazima kwa dada aliyemtangulia kazini. La tatu kalinunua kwenye kibanda cha kutoa kopi, kopi iliyotolewa kwenye kopi, hadi herufi zimepauka. Akayatandaza mezani, akaniuliza kana kwamba mimi ndiye mkufunzi wake:

"Mjomba, mama anahesabiwa kuwa uchungu umekolea mlango wa kizazi ukishafunguka sentimita ngapi?"

Desa la kwanza linasema 5. La pili linasema 4. La tatu linasema 3.

Mimi ni mtu wa maikrofoni, sijawahi kuingia wodi ya wazazi ila kwa kusubiri nje na chupa ya uji. Lakini swali lilinikaa. Tukaanza kufuatilia wote wawili, na tulichokikuta ndicho kilichonileta hapa leo: hakuna desa hata moja kati ya yale matatu lililokuwa limedanganya.

Patografu, ile karatasi ambayo mkunga anaitumia kufuatilia mwendo wa uchungu, Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1994 ikiwa inahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 3. Mwaka 2000 shirika hilo hilo likaifanyia marekebisho, hesabu ikaanzia 4. Mwaka 2018 yakatoka mapendekezo mapya, sasa ni 5, na mwaka 2020 ikafuata chati mpya kabisa. Namba ilipanda kwa sababu ilibainika kwamba wanawake wengi hufunguka polepole kuliko vitabu vya zamani vilivyodai. Ukianza kumhesabia saa mapema, utamwona amechelewa wakati hajachelewa, na hapo ndipo dripu ya kuongeza uchungu inapowekwa bila sababu, au mtu anapelekwa kwenye kisu ambacho hakukihitaji.

Kwa hiyo mezani kwangu kulikuwa na vizazi vitatu vya elimu moja. Tatizo ni kwamba hakuna desa lililoandikwa mwaka. Hakuna lililosema limetolewa kwenye mwongozo upi. Yote yamevaa sura moja, kama watoto wa darasa moja, kumbe mmoja ni babu wa wenziwe.

Sasa fikirini. Muuguzi tangu wiki zake za mwanzo chuoni anafundishwa kwamba kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano, asome chupa: jina, kiwango, tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa isiyo na tarehe haitumiki. Huyo huyo muuguzi jioni anarudi hosteli, anafungua karatasi isiyo na jina wala tarehe, anaimeza yote.

Na tofauti nyingine wala si za umri. Mpwa wangu alikuwa na karatasi mbili zilizogombana juu ya kumhuisha mtu. Moja inasema anza na kifua, nyingine inasema anza na pumzi. Akataka kuchana moja. Nikamwambia subiri, soma juu pale, anahuishwa nani? Ya kwanza ilikuwa ya mtu mzima ambaye moyo umesimama: tangu mwaka 2010 miongozo ya Marekani ilibadili mpangilio, kifua kikatangulia, na tangu 2015 kasi yake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ya pili ilikuwa ya mtoto mchanga asiyelia. Huyo anahitaji hewa kwanza, kwa mfuko na barakoa, ndani ya dakika yake ya kwanza duniani. Karatasi zote mbili ni sahihi. Angechana moja, angebaki na nusu ya kazi yake.

Au chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Desa moja linasema gramu 4 kwenye mshipa, kisha 5 kila tako, halafu 5 kila baada ya saa 4. Jingine linasema gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 1 kila saa kwa dripu. Hizo ni taratibu mbili tofauti, zenye majina ya madaktari wawili, Pritchard na Zuspan. Kila moja imesimama kwa miguu yake. Hatari ni ya yule anayekariri nusu ya huku na nusu ya kule, maana dawa hiyo ikizidi inazima pumzi. Ndiyo maana taratibu zote mbili zinakutana mahali pamoja: kabla ya kuendelea na dozi, pima goti kama linaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, angalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iwe karibu. Anayejiandaa na mtihani aanzie hapo, mahali ambapo vitabu vinakubaliana.

Wapo pia wanaojiandaa na mtihani wa nje, ule wa NCLEX wa Marekani. Kitabu cha huko kitakwambia sukari ya damu ni 90, na mashine ya wodini kwako inasoma 5. Ni sukari ile ile, vipimo ndivyo viwili: 5 zidisha kwa 18 unapata 90. Na kama desa lako la NCLEX ni la kabla ya Aprili 2023, lijue ni la zamani, maana mwezi huo mtihani wenyewe ulibadilishwa, ukaingiza maswali ya visa virefu vya mgonjwa mmoja.

Najua kuna atakayesema: wewe mjomba unatuchosha, maswali yanajirudia, tafuta pasti pepa, kariri, pita. Simlaumu. Ada ya mtihani inauma, na nyumbani wanasubiri mshahara wa kwanza. Ila mtihani una machaguo manne, na mama aliyelala kitandani saa nane za usiku hana hata moja. Isitoshe, wodini atakutana na ugomvi ule ule wa madesa, safari hii ukiwa na sauti. Sista wa zamani atamwambia, "Sisi hapa tunaanzia 4." Hapo hafai kubishana wala kunyamaza. Aulize kwa adabu: "Sista, mwongozo wetu hapa ni toleo la mwaka gani?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na linaweza kumwokoa mama.

Basi kwenu mnaojiandaa: kila desa liandikeni juu limetoka wapi, mwaka gani, na linamhusu mgonjwa gani. Lisilojulikana liwekeni kando. Mkikuta mgongano, anzeni na mwongozo wa Wizara ya Afya, maana ndio mtakaofanyia kazi, kisha mwendeeni mkufunzi mapema, msingoje usiku wa kuamkia mtihani.

Na kwa Baraza na vyuo: mtihani unapotangazwa, uambatane na orodha ya miongozo unayoifuata, na mwaka wa kila toleo. Karatasi moja tu. Hata kama orodha hiyo ipo ofisini, ibandikwe kwenye mlango wa kila chuo cha uuguzi nchini, hadi kile cha mwisho wilayani. Haiwezekani tumdai binti awe makini na tarehe za dawa, nasi tumpeleke kwenye mtihani bila kumwambia ni kitabu cha mwaka gani kitakachomsahihisha.

Mpwa wangu hakutupa desa hata moja. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni: 3, mwaka 1994. 4, mwaka 2000. 5, mwaka 2018. Kisha akaomba chai.