Karani na Motokaa Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilosa)



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa motokaa ndogo za zamani, zile za gia za mkono, ambazo wengi wetu twazinunua kwa akiba ya miaka. Wako wasemao kwamba kujipaka oili si kazi ya karani. Mimi naona kinyume. Mtu atunzaye majalada ya serikali kila siku hashindwi kutunza chombo chake mwenyewe. Na mshahara hauji mara mbili kwa mwezi kwa sababu injini imekufa.

Fikirini safari ya kwenda Mikumi. Huko njia yetu hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa, ipitayo katikati ya hifadhi iliyowekwa mwaka 1964. Motokaa ikichemka humo, mwenyewe hawezi kushuka kutafuta maji, maana simba na tembo hawaulizi cheo cha mtu. Basi maji ya rejeta na yatazamwe nyumbani, asubuhi, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta yenye moto kisifunguliwe kabisa. Mvuke wake huunguza uso. Mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukibonyea kama sentimita 1, wafaa, ukilegea sana, huteleza na injini hupata moto.

Kisha oili. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukitoe tena ndipo usome. Ukiona utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, na maji ya rejeta yapungua pasipo kuvuja, usiondoke, mwite fundi.

Chujio la hewa likung'utwe vumbi. Injini ya kabureta ikikosa hewa hula petroli nyingi, na plagi zake hutoka nyeusi kwa masizi. Klachi ya waya nayo yataka nafasi: kanyagio lishuke kama sentimita 2 kabla ya kuvuta. Likikosa nafasi hiyo, klachi huteleza na kuungua.

Lakini kazi yetu ina mpaka, nao ni breki. Kutazama oili ya breki katika chupa yake ni kazi yetu. Kuzifungua breki ni kazi ya fundi. Oili hiyo hunywa unyevu wa hewa, na ikipata moto mwingi huchemka, kanyagio likazama. Yafaa ibadilishwe kila miaka 2. Arudiye kutoka Iringa ashuke Kitonga kwa gia ndogo, asitegemee mguu peke yake. Nanyi mliokumbwa na mafuriko ya Mto Mkondoa ya 2009 na 2010 mwayajua maji ya Kilosa: ukisha kuvuka dimbwi, kanyaga breki polepole mara chache hata zikauke.

Namaliza kwa shauri moja. Kila mwanachama aweke daftari dogo ndani ya motokaa, aandike tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa. Siku fundi asemapo plagi zimekwisha, daftari litaonyesha ziliwekwa lini. Spana yaweza kutushinda, Mabwana, lakini kalamu tumeizoea.