Sindano Inayouma Mifupani

Bei ya dawa za saratani husemwa sana. Maumivu ya usiku, mara chache. Mama wa mtaa wa Obunga, Kisumu, anayekaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu), akitoka kwenye kemotherapi, huenda akadungwa filgrastimu, dawa inayousukuma uboho utengeneze seli nyeupe za damu. Uboho ukichapa kazi, nyonga, kiuno na kidari huuma ajabu. Wengi hudhani saratani imehamia mifupani, na hofu hiyo wanaibeba kimyakimya. Wangeambiwa mapema, jamani! Parasetamoli husaidia, ila mgonjwa apime joto kwanza, kwani dawa hiyo huficha homa. Likifika nyuzi 38, asingoje kuche, aende hospitali. Sindano yenyewe huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na friji mtaani ni ya kuomba kwa jirani. Zahanati zilizo karibu zingewahifadhia.